Nilitaka Kitabu, Nikaletewa Shemeji

Jumamosi, Durban. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua yetu ya huku isiyopoza chochote, inayoziacha nguo zikinuka uvundo kwenye kamba ya barazani. Naandika nikiwa jikoni, nimefunga mlango, na nimewaambia watu napika.

Sipiki. Nina hasira.

Nina hasira na mume wangu. Nina hasira na mtu anayeitwa Dieudonné ambaye sijawahi kumwona maishani. Na nina hasira na begi la samaki lililoko koridoni. Nitaeleza, kwa sababu nisipoeleza hapa nitaeleza kwa sauti, na nyumba ina mgeni.

Nyumba yetu ina mgeni siku zote. Hapo ndipo mambo yanapoanzia.

Mimi ni wa Kigoma, mume wangu ni wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, lakini tulikutana hapahapa Durban. Baba Neema alipofika mji huu hakuwa na mtu. Alishuka kwenye basi na mfuko wake mmoja, akawa anamuuliza kila mtu njia kwa Kiswahili, hadi mzee mmoja Mkongomani aliyekuwa anapita akamsikia na kumchukua nyumbani kwake. Akakaa kwa mzee yule karibu mwaka mzima, akila na kulala bila kuulizwa ataondoka lini. Tangu hapo Baba Neema hawezi kumwacha mtu nje. Ndivyo alivyo, na ndicho kilichonifanya nimpende. Ndicho pia kilichonimaliza.

Wiki ya kwanza ya ndoa yetu tulipokea mgeni, na hadi leo sebule yetu haijawahi kulala tupu. Wapo waliokaa mwezi, wapo waliokaa hadi wakaoa. Aliyepo sasa anaitwa Safari. Alikuja kwa siku chache kabla ya Pasaka, na hilo jina ndilo kitu pekee kwake chenye dalili ya kuondoka.

Fleti yenyewe, hapa Umbilo, ni ndogo. Ukipiga chafya chumbani, sebuleni wanakuombea. Kwa hiyo mimi na mume wangu tumezoea kugombania ndani ya gari. Mmoja akisema twende tukanunue mkate, mwenzake ameshaelewa. Tunashuka, tunakaa kwenye gari nyuma ya jengo, tunapandisha vioo, tunasemezana mpaka tumalize. Halafu tunapita dukani kweli, maana hatuwezi kurudi mikono mitupu. Wageni wetu wote wanaamini kwamba familia hii inapenda sana mkate. Friza imejaa mikate. Kuna ambayo siikumbuki ni ya ugomvi upi.

Januari Neema, mtoto wetu pekee, alienda chuo kikuu Johannesburg. Nilitandika kitanda chake, nikakaa juu yake, nikajiuliza ni lini mara ya mwisho mimi na baba yake tulikula chakula wawili tu. Nilitafuta sana kichwani. Sikupata.

Hapo ndipo nilipotaka kisiwa.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya meli pale bandarini, upande wa karatasi. Kwa miaka mingi nimechapa majina ya bandari za Mediterania kwenye karatasi za makontena: hili linaenda Ugiriki, hili Italia, hili Malta. Makontena yanaondoka, mimi nabaki na kikombe changu cha chai. Nikamwambia Baba Neema, ndani ya gari lakini safari hii bila ugomvi, kwamba nataka twende mahali pamoja, mimi na yeye, mahali ambapo hatuna mtu. Akasema sawa. Alisema sawa haraka mno, sasa ndiyo naliona hilo.

Nikachagua Krete, kisiwa cha Ugiriki, kwa sababu moja tu: sijawahi kumsikia mtu wetu aliyeko Krete. London wapo, Brussels wamejaa, hata Malta nasikia wapo. Krete, kimya.

Watu walipopata habari, hakuna aliyeniuliza kisiwa hicho kikoje. Wote waliuliza swali moja, na Safari ndiye aliyetangulia. "Mama Neema, kule Krete iko nani?"

Hakuna, nikamwambia. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Dada mmoja wa kanisani akaniambia bahari iko hapa, mwendo mfupi tu kwa taxi, kwa nini niende kutafuta nyingine. Mwingine akaniuliza kwa sauti ya chini kama fleti tunaiacha kwa nani. Mchungaji akatuita mbele na kutuombea kama watu wanaohama. Kwetu sisi mtu husafiri kwenda kwenye harusi, kwenye msiba, au kwa ndugu. Mtu anayesafiri kwenda kukaa tu na mume wake, huyo anakimbia kitu.

Mimi nikaenda kununua kitabu.

Nilitaka kitabu cha kuongoza wasafiri, cha karatasi, kisichopiga simu wala kuuliza habari za nyumbani. Nilidhani ni kuingia dukani, kulipa, kutoka. Kumbe kuchagua kitabu kizuri ni kazi, na kazi yenyewe ilinipandisha presha.

Cha kwanza nilikipata kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Kizuri, kina ramani. Nikakisoma jioni nzima nikiona bei za vyumba ni za ajabu, maelfu kwa maelfu, hadi nikagundua ni za pesa ya Kigiriki iliyokufa zamani. Nusu ya hoteli zilizomo nadhani zimekufa nayo.

Cha pili kilikuwa kipya, kizito kama tofali, picha tupu. Kila ukurasa mwanamke yuleyule mwenye kofia nyeupe anatazama bahari. Kuhusu viza kilikuwa na mstari mmoja: wageni wa nchi nyingi hawahitaji. Mimi nilijua nitabeba faili nene hadi kwa watu wa viza, lenye barua ya kazini, karatasi za benki, cheti cha ndoa na karatasi ya hoteli, halafu nisubiri jibu. Nchi nyingi. Nilikirudisha kwenye rafu kichwa chini.

Ndipo nikapata njia yangu. Kampuni inayotoa kitabu cha Krete mara nyingi inatoa na cha Afrika Kusini. Krete siijui, lakini Durban naijua. Kwa hiyo nikawa nachukua kile cha Afrika Kusini kwanza, nafungua Durban, nasoma. Kikinidanganya kuhusu mahali ninapokanyaga kila siku, nitakiaminije kuhusu mahali nisipopajua?

Vingi vilianguka hapo. Kimoja kiliipa Durban kurasa mbili: ufukwe, kari, kamba wa kuchoma, kwaheri. Kingine kikaandika kwamba Warwick, soko letu kubwa la hapa mjini, ni eneo la kukwepa kabisa. Baba Neema ana kibanda cha kutengeneza simu Warwick. Anafungua asubuhi, anafunga jioni, na akina mama wa mbogamboga wanamwekea chakula. Nilisimama pale dukani, nikasoma kitabu kikimwambia mtalii amkimbie mume wangu. Muuzaji akaniuliza kama anaweza kunisaidia. Nikamwambia hapana, hawezi.

Halafu nikakipata chenyewe. Kidogo, jalada la kijani, picha chache. Kuhusu Warwick mwandishi, mwanamke, alisema nenda asubuhi, salimia kabla ya kuuliza bei, usipige picha bila ruhusa, usiminyeminye matunda usiyonunua, na ukiwa na njaa watafute akina mama wanaopika nyama ya kichwa cha ng'ombe. Alikuwa amesimama pale, huyu. Alikuwa amekula. Nikafungua kitabu chake cha Krete nikiwa tayari nimemwamini.

Na hakuniangusha. Alisema ufukwe gani unasifiwa bure. Alisema basi gani haliji Jumapili hata kama ratiba inasema linakuja. Alisema mgahawa fulani una chakula kizuri kama mwenyewe hajaamka vibaya. Na upande wa kusini, kwenye ukurasa niliokunja pembe, alieleza kijiji kisicho na barabara. Lami inaishia mbali, kutoka hapo ni boti au miguu yako. Kuna nyumba chache nyeupe na nyumba moja ya wageni, ya mama mmoja, ina vyumba vichache.

Mahali ambapo mtu hawezi kupita tu kusalimia. Niliusoma ukurasa huo kwenye mapumziko ya mchana, ofisini, nikalia kidogo. Nikawaambia wenzangu ni mafua.

Tukapata chumba, kinachotazama bahari, siku kumi. Baba Neema ndiye aliyelipia, kwa kadi yake, kwa email yake. Viza zikatoka kwa karatasi ya chumba hicho. Kila kitu kilikuwa kimekaa.

Kumbe wakati mimi nikisoma, mwenzangu alikuwa ameandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa Uvira waliotapakaa dunia nzima, akauliza kama kuna mtu Krete. Na kwa kuwa watu wa Uvira wapo kila mahali Mungu alipoweka ardhi kavu, akapatikana. Dieudonné. Binamu wa mke wa mtu aliyesoma na kaka yake Baba Neema. Anaishi mjini kabisa, na mke na watoto, fleti ya vyumba viwili, anafanya kazi kwenye jiko la hoteli. Alifurahi hadi akapiga simu ya video, na mume wangu hakuniambia, alitaka iwe zawadi.

Zawadi yenyewe nilipewa leo asubuhi, mezani, mbele ya Safari na chai.

"Mama Neema, niko na nouvelle, habari ya muzuri," akasema, anatabasamu. "Ile hoteli nilisha annuler. Tutafikia kwa Dieudonné. Ni shemeji yako, anatungojea."

Amefuta chumba. Chumba changu, kijiji changu, ukurasa wangu. Jana, bila kuniuliza.

Safari akapiga makofi. Mimi nikatabasamu, kwa sababu mgeni yuko mezani na nimelelewa vizuri. Mdomo uliniuma kwa kutabasamu. Nikasema Mungu mkubwa. Nikasema nadhani mkate umeisha, twende tukanunue.

Mkate haukuwa umeisha. Mezani palikuwa na mikate miwili.

Njiani koridoni nikalipita begi. Samaki wakavu, ndagala wa ziwani waliotoka Uvira hadi hapa, majani ya pondu, kisamvu chao, yaliyokaushwa, vitenge, nywele za kusuka. Mke wa Dieudonné ameomba, na watu wa hapa nao wameleta vya ndugu zao wa Athens, kwa kuwa Athens, nasikia, ni hapohapo. Begi lilikuwa limewekwa juu ya kimeza cha viatu, na chini yake kitabu changu. Nimekitoa. Kijiji changu kinanuka ndagala.

Ndani ya gari nilisema yote. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari kwa nguvu, ikawa lazima nipaze sauti, na kusema kweli nilishukuru kupata sababu. Nilimwambia nimepikia watu tangu nikiwa bibi harusi. Nilimwambia nimejifunza kulia bila sauti kwa ajili ya sebule yake. Nilimwambia watu wa uhamiaji kule wanaweza kuuliza tunalala wapi, na karatasi tuliyoonyesha si ya Dieudonné. Nilimwambia sikuomba mtu wa kutuongoza, niliomba kitabu, kitabu hakiniulizi kwa nini nimezaa mmoja tu.

Baba Neema akasikiliza. Yeye huwa anasikiliza, ndilo jambo linalokera.

"Mutu hawezi kulala hoteli kwenye ndugu yake iko," akasema. "Watatuona aje?"

"Ndugu yako tangu lini? Tangu Jumanne?"

Alikuwa ameshika funguo za gari, anazizungusha kidoleni. Nilisubiri anikumbushe habari za mzee aliyemwokota kituo cha basi, maana hadithi hiyo huja kila mara tunapofika hapa, na mimi huwa nanyamaza ikija. Haikuja. Alitazama mbele, kwenye ukuta wa jengo, na kuuliza kwa sauti ndogo mno hata nikadhani anaongea na ukuta.

"Siku kumi, miye na weye peke yetu. Tutaongea nini?"

Nimeolewa na mtu huyu miaka kumi na tisa.

Ningeweza kumpiga. Ningeweza pia kumkumbatia, lakini hasira ilikuwa imeshawahi kiti. Kwa hiyo ndiyo hiyo. Hakufuta chumba kwa sababu ya heshima ya ndugu. Amefuta kwa kuogopa. Mwanaume anayeweza kumpokea mtu yeyote kutoka basi lolote, anaogopa kukaa chumbani na mke wake.

Na kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba sikuwa na jibu. Mimi, mwenye maneno. Nilifungua mdomo nimwambie tutaongea haya na haya, nikakuta ninayoyajua ni Neema, kodi ya nyumba, na mgeni ataondoka lini. Ukiondoa hayo matatu nilibaki mtupu. Sebule iliyojaa imekuwa ikinisitiri na mimi pia, na sikuwahi kuijua kazi hiyo.

Tulikaa hadi vioo vikajaa ukungu. Kisha tukapanda juu.

Safari alikuwa mlangoni. Akatutazama mikono.

"Mkate iko wapi?"

Tulikuwa tumesahau. Haijawahi kutokea. Baba Neema akamwambia duka limefungwa, saa nne asubuhi, Jumamosi. Safari si mtoto. Alirudi sebuleni taratibu na kuongeza sauti ya televisheni, na nikamshukuru kwa mara ya kwanza tangu Pasaka.

Basi nikaingia jikoni nikafunga mlango, nikamwandikia yule mama wa nyumba ya wageni. Sikuandika kwa email ya mtu, niliandika kwa yangu. Alijibu kabla chai haijapoa. Chumba kinachotazama bahari kimeshachukuliwa. Kimebaki kidogo, juu ya jiko lake, dirisha linatazama mlima. Nimekichukua, kwa jina langu na la mume wangu, na karatasi mpya nimeshaichapa.

Kwa Dieudonné tutakwenda. Sina ugomvi na mtu anayefurahi kupata wageni, na samaki wa watu lazima wafike. Tutakula chakula cha mchana, nitambeba mtoto wake mdogo, nitamwita shemeji kwa moyo safi, halafu tutaaga tukapande basi. Nilimweleza Baba Neema hivyo kupitia mlango uliofunguliwa kidogo. Alisimama pale na taulo begani. Akasema sharp, ile sawa ya watu wa Durban. Halafu akaomba aone kitabu.

Nikampa. Akakinusa kwanza, akaniangalia, hakuthubutu kucheka. Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, hapa jikoni, mlango nikaurudishia, akasoma ukurasa wangu polepole, kidole chini ya mstari, maana Kiingereza cha vitabu kinamchosha. Akafika mahali akasimama. Akanigeuzia kitabu, akaweka kidole.

Ni mstari ambao nilikuwa nimeupita mara zote. Mwandishi anasema kijiji hakina duka. Mkate huja na boti asubuhi, na mwenye nyumba huuacha mlangoni mwa kila chumba.

Ameondoka sasa, amekwenda kukaa na Safari, kitabu ameniachia.

Bado nina hasira. Nitalala nayo, nadhani, na kesho nitaivaa hadi kanisani. Mwandishi yule ameeleza boti, jua, na basi lisilokuja Jumapili. Hakuandika watu wawili waongee nini, na sasa naona haikuwa kazi yake. Kule hakuna gari la kukimbilia na hakuna mkate wa kwenda kununua. Asubuhi ya kwanza mmoja wetu atafungua mlango, atauokota mkate, atauweka mezani, na tutakuwa tumebaki mimi na yeye.

Nani ataanza?